Jaketi la Pili

Barazani, mbele ya mahakama
10 Julai

Kwa binti wa marehemu kaka yangu,

Salamu zangu zikufikie hapo gatini na zikukute na afya kama niliyo nayo mimi, ukiondoa goti, ambalo daktari ameliita goti la kawaida kwa mtu wa umri wangu, kauli ambayo sikuipenda. Nyumba ipo. Paa la jikoni limezibwa. Paka wa Mama yako Mdogo amehamia kwa jirani na hataki kurudi hata nikimwita kwa adabu. Fundi saa, ambaye meza yake ingali inapakana na yangu hapa barazani, anakusalimu na anauliza kama huko baharini saa huenda mbele au nyuma. Nimemjibu kwamba swali lake halina msingi.

Baada ya hayo, naomba kuingia katika madhumuni ya barua hii, ambayo yana sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza. Natoa shukrani kwa safari ya kutazama nyangumi uliyotuandalia, mimi na Mama yako Mdogo, kwa kutimiza miaka thelathini ya ndoa. Ilikuwa siku ya kukumbukwa. Nyangumi mwenyewe alikuwa mkubwa kupita maelezo niliyopewa. Tulipoagana mbele ya mlango wako, tulikubaliana kwamba mimi nitangulie kurudi kwa sababu ya kazi, naye abaki wiki moja apumzike. Wiki hiyo imekwisha, na iliyofuata nayo imekwisha. Nimempigia simu, simu inaita mpaka inachoka. Kwa hiyo naomba kuarifiwa, kwa tarehe, mke wangu atarudi lini. Mtu wa hadhi yangu hapaswi kuonekana sokoni akichagua vitunguu.

Sehemu ya pili. Karani wa masjala alikuja huko kwa mapumziko na amerudi na habari kwamba picha yetu ya siku ile imetundikwa katika ofisi yenu ya tiketi, kubwa kama mlango. Hakueleza zaidi, nami sikumwuliza zaidi, kwa kuwa alikuwa akitabasamu. Idhini yangu haikuombwa. Naomba picha ishushwe. Sababu ninazo, ila si za kuandikwa.

Kwa hiyo basi, nasubiri majibu ya sehemu zote mbili.

Ni mimi Baba yako Mdogo,
Mwandishi wa Maombi, Rufaa na Malalamiko.


Ofisi ya tiketi, gatini
28 Julai

Kwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima, namshukuru Mungu. Nahodha amepaka boti rangi mpya na sasa sote tuna rangi hiyo viwikoni. Kwa goti lako pole. Kwa paka sina la kusema.

Nitajibu sehemu kwa sehemu, kama ulivyonilea.

Naanza na picha, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Aliyeipiga ni mpiga picha wetu wa botini. Nyuma umejaa mgongo wa nyangumi. Mbele yake yupo Mama Mdogo, mikono ameinua juu, mdomo wazi. Wewe umesimama mbele yake, mikono yako yote miwili kifuani pake. Huna sababu ya kuogopa. Watu wanaopanga foleni dirishani huitazama na kufurahi. "Ona bibi anavyoshangilia!" husema. "Na mzee anavyomkumbatia, uzeeni huku!" Nahodha ameandika chini yake kwa herufi kubwa: SIKU YA KUKUMBUKWA. Kuishusha hataki hata kusikia. Anadai inavuta wateja kuliko nyangumi mwenyewe.

Sasa Mama Mdogo. Hajambo. Analala chumbani kwangu, na mimi nalala sebuleni, mahali nilipozoea tangu kwako. Barua yako nilimsomea mimi. Kusoma anajua, lakini anasema maneno yako anataka kuyasikia katika kinywa cha mtu mwingine, aone kama yanaweza kusimama yenyewe. Kwenye vitunguu alinisimamisha nirudie.

Halafu akasema: "Mwambie nitarudi. Sina nyumba nyingine, na yeye anajua kwamba sina. Ila aniandikie kwanza alichonifanya siku ile botini. Sentensi moja inanitosha. Anaandikia mji mzima, mimi mkewe hajaniandikia hata siku moja."

Nikamwuliza: "Akiandika utarudi kweli?"

"Siku hiyo hiyo nafunga mzigo."

Amekwisha kuufunga, Baba Mdogo. Mkoba wake upo chini ya kitanda changu. Kinachosubiriwa ni sentensi yako.

Binti wa kaka yako.


Barazani
5 Agosti

Kwa binti wa marehemu kaka yangu,

Salamu. Goti limepata nafuu. Jirani anamlisha paka samaki, jambo ambalo nimelipinga kwa maandishi.

Taarifa yako kuhusu picha imenipa faraja kubwa. Naona nilihukumu kabla ya kusikiliza upande wa pili. Kama umma unaona furaha, basi umma una macho mazuri, na mimi sina mamlaka ya kuukosoa. Ombi langu la kuishusha naliondoa. Badala yake naomba nakala moja, ya ukubwa wa kutosha kutundikwa nyuma ya kiti changu, ili wateja wangu wajue kwamba mtu anayewatetea naye ana nyumba iliyotulia.

Kuhusu sentensi. Kwa mtu wa kazi yangu ombi hili ni jepesi, na nimelitimiza kwa ukarimu, kwa kuandika zaidi ya moja. Msomee Mama yako Mdogo taratibu, ukipumzika penye nukta:

"Kwamba, siku tajwa, chombo kiliyumba kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa binadamu. Kwamba, kutokana na kuyumba huko, kulitokea upungufu wa majaketi okozi. Kwamba, katika mkanganyiko huo, jaketi moja lilihama kutoka kwa mhusika mmoja kwenda kwa mhusika mwingine. Kwamba wahusika wote walifika nchi kavu wakiwa hai, na hakuna madhara yaliyothibitishwa."

Utaona kwamba neno samahani sikuliweka. Hilo nimelifanya kwa makusudi. Neno hilo likishaandikwa na kutiwa sahihi, mtu yeyote anaweza kulichukua na kwenda nalo popote.

Namtarajia kabla ya mwisho wa mwezi. Mwambie funguo za kabati sizioni.

Ni mimi Baba yako Mdogo.


Gatini
30 Agosti

Kwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nyangumi wamekuwa wengi na watu wamewafuata. Nakala ya picha nimekutumia mapema na nasikia imefika, karani wa masjala aliniambia kwa simu kwamba umeipiga misumari mwenyewe, na kwamba fundi saa alisema, "Kumbe mzee una mikono ya mapenzi!"

Maelezo yako nilimsomea Mama Mdogo akiwa anamenya viazi. Nilipumzika penye nukta zote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kisu chini.

"Limehama?" aliuliza. "Lina miguu?"

Kisha akakiokota kisu, akamenya viazi vyote vilivyobaki.

Baba Mdogo, unaandika kana kwamba mimi sikuwemo. Nilikuwemo. Mimi ndiye niliyewavisha nyinyi wawili. Ulikuja umevaa suti na tai, nikakupa jaketi, ukalishika kwa vidole viwili. "Mimi si mtu wa kufagia barabara," ulisema, "rangi hii nitaivaaje juu ya tai?" Ukalikunja, ukalikalia, benchi lisikuloweshe suruali. Nilikuambia livae. Ukaniambia nisikufundishe mbele ya watu. Mama Mdogo alivaa lake bila ubishi, nikamfunga vifungo vyote.

Nyangumi alipoibuka ubavuni mwetu watu wote walikimbilia upande mmoja. Boti ikalala. Ukanyanyuka kwa hofu, na jaketi lako likateleza chini ya reli ya ukingoni, likaenda na maji. Ulilitazama likienda. Kisha ukamgeukia mkeo.

Nimewaona watu wakiogopa baharini, ndiyo kazi yangu. Wanapiga kelele, wananing'inia shingoni mwa yeyote. Ningekuona hivyo, leo nisingekuandikia haya. Wewe hukutetemeka. Ulifungua kifungo cha juu, cha kati, cha chini, kama unavyofungua bahasha usiyotaka kuichana. Na yeye akainua mikono.

Ile picha ndiyo hiyo. Watu wanaona anashangilia. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui kwa nini aliinua, mpaka jana aliponiambia. Nakuandikia kama alivyosema:

"Nilidhani ananikazia. Miaka thelathini, hajanifunga hata kifungo cha gauni kile cha mgongoni, najipinda mwenyewe kama kuku anayetafuta chawa. Nikajisemea, leo bahari imemtia huruma. Nikainua mikono nimrahisishie."

Ulilivuta likapita kichwani pake, ukalivaa juu ya tai, ukalifunga. Yeye alibaki ameinua mikono. Nilimvisha langu, na ilibidi niishushe ile mikono mimi.

Ameomba sentensi fupi, yenye wewe ndani yake. Mkoba ungali umefungwa.

Binti wa kaka yako.


Barazani
4 Septemba

Kwa binti wa marehemu kaka yangu,

Salamu ni za lazima, kwa hiyo nakusalimu.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama. Kwanza nikukumbushe ni nani anayeandikiwa. Baba yako alipofariki, ndugu wote walikuwa na sababu; mimi nilikuwa na sebule. Ulilala humo, ulikula humo, ulifeli mtihani ukiwa humo, na barua ya kuomba urudie darasa niliandika mimi. Yule mchumba alipokukimbia wiki moja kabla ya harusi, waalikwa waliandikiwa na mimi, kila mmoja kwa jina lake, nikiwaomba wasije. Niliandika kwamba harusi imeahirishwa. Sikuandika kwamba bwana harusi amekuona vizuri. Hiyo, binti yangu, ndiyo faida ya kujua maneno gani yaachwe. Fadhila hiyo hiyo ndiyo ninayoitegemea kutoka kwako, sipati.

Sasa nije kwenye hoja, ambazo naziweka wazi ili zisirudiwe tena.

Mosi, Mama yako Mdogo, kwa umbo alilojaliwa, angeelea kwa muda wa kutosha hadi kuokolewa.

Pili, mimi sijui kuogelea. Yeye pia hajui, lakini kwake jambo hilo halijawahi kupimwa.

Tatu, nina watu wanaonitegemea. Kuna wajane wenye kesi za mashamba, kuna wapangaji waliotolewa vitu nje, kuna mama mwenye mwana gerezani ambaye rufaa yake ilikuwa nusu mezani kwangu siku ile. Ningezama, nani angeimalizia? Mke wangu anategemewa na paka, na paka, kama nilivyokwisha kuarifu, amepata pengine.

Hata hivyo, kwa kuwa mimi si mtu wa kinyongo, na kwa kuwa ameomba sentensi moja yenye mimi ndani yake, naitoa hapa, na ni ya mwisho:

"Mimi, kwa nia njema, nilimsaidia mke wangu kuvua jaketi lililokuwa likimbana."

Apande basi kabla ya mwezi huu kwisha. Kimya chake baada ya hapo nitakihesabu kuwa ni ukaidi, nami najua namna ya kumwandikia mkaidi.

Ni mimi mlezi wako.


Gatini
29 Septemba

Kwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Kwa sebule asante. Sijaisahau, na hukunipa nafasi ya kuisahau.

Barua yako nilimsomea yote. Hata lile la mchumba wangu nilisoma. Ulinifundisha kwamba msomaji wa barua ya mtu hana ruhusa ya kupunguza. Nilipofika kwenye umbo alinyanyuka, akaenda mbele ya kioo cha kabati. Akajitazama mbele, akageuka ubavu, akajitazama tena.

"Angeelea," alisema.

Nilidhani atalia. Hakulia. Alilala mapema, na asubuhi nilimkuta amevaa viatu, ananisubiri mlangoni. Akanifuata mpaka gatini.

Mtu wetu wa kuwavisha abiria alikuwa ameacha kazi wiki ile, na nahodha alikuwa akihangaika na vifungo, vidole vyake vinene. Mama Mdogo alimsogeza kando kwa kiuno. "Hebu toka hapo, baba, utamnyonga mtu." Akavisha boti nzima. Siku iliyofuata akavisha tena. Sasa ameajiriwa na ana kofia.

Nakuarifu jambo jingine, kwa kuwa utalisikia kwa wengine vibaya zaidi. Kabla boti haijaondoka, kuna mtu lazima awaeleze abiria namna ya kuvaa jaketi. Zamani nilieleza mimi, watu wakipiga miayo. Sasa anaeleza yeye, akiwa amesimama chini ya ile picha. Nilisikia leo na naandika kama nilivyosikia:

"Mnamwona bibi yule pale juu? Ndiye mimi. Msinipigie makofi, sishangilii. Yule baba navuliwa naye. Lake alilikalia, likaenda kuoga. Akaja kuchukua langu. Na mimi mjinga nikamwinulia mikono, nikidhani napendwa! Ameniandikia kwamba ningeelea. Haya, kinamama, nisikilizeni. Mumeo akikujia na mikono yote miwili, shika vifungo vyako kwanza. Mapenzi mtaulizana nchi kavu."

Baba Mdogo, watu wanacheka mpaka wanaegemeana. Wanaume wote hutazama chini na kuanza kukagua vifungo vyao. Nahodha anasema tangu aanze kazi hajawahi kuona abiria wakifunga majaketi kwa bidii namna hiyo.

Usije ukadhani amebadili nia. Usiku nilimwuliza, akasema neno lake ni lile lile. Mkoba ungali chini ya kitanda. Nguo za kazini anavaa za kwangu, asije akaufungua. Sentensi ya kweli ikifika, atavua kofia ya watu na kurudi kukukaangia vitunguu. Mimi ningekuwa yeye nisingerudi. Lakini hakuniuliza.

Na ile picha iliyo nyuma ya kiti chako ni hii hii.

Binti wa kaka yako.


Nyumbani
18 Oktoba

Kwa binti wa kaka yangu,

Salamu. Tafadhali angalia kwamba siandiki kutoka barazani. Barazani siketi kwa sasa.

Karani wa masjala alirudi tena huko na mkewe, na aliyoyasikia aliyaleta yote, hakuyapunguza. Siku ya kwanza fundi saa aliinamia meza yake, akawa anakoroga mafuta ya saa. Siku ya pili mteja wangu wa muda mrefu, mjane wa kesi ya shamba, alipofika mezani aliinua mikono juu. Akaniambia, "Shikamoo mzee, usinivue." Kicheko kilienea mpaka kwa askari wa mlangoni. Tangu hapo kila anayepita huinua mikono. Wakili mmoja kijana amefanya hivyo akiwa na joho lake. Nimeishusha picha, ukutani pamebaki misumari, na misumari nayo inawachekesha.

Kwa sababu hizo nilisafiri kuja huko tarehe tisa bila kutoa taarifa, kwa lengo la kufanya ukaguzi. Wewe ulikuwa dirishani ukihudumia watu na hukuinua uso. Nilivaa kofia na miwani ya jua. Nilisimama katika foleni kama mwananchi wa kawaida, na nilimsikia. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu, mwoka mikate kwa harufu yake, alinipiga kiwiko huku machozi ya kicheko yakimtoka. "Mwanaume gani huyo, mzee wangu? Mwanaume gani huyo?" Nilicheka pia, ili nisibainike. Nalieleza hilo ili kumbukumbu iwe kamili.

Kisha, tulipokwisha kupanda botini, alianza kupita akivisha watu. Alipofika kwangu hakuniita jina, wala hakuniondoa miwani. Alinivisha. Alifunga kifungo cha juu, cha kati, cha chini. Alikaza kila kimoja, akapitisha kidole kuona kama kimekaa. Hapo nilitambua kwamba nilikuwa nimeinua mikono. Hakuna aliyeniomba niinue.

Akamwambia nahodha, "Huyu mpe la pili."

Nahodha akauliza, "La nini? Mzee mwenyewe mwembamba."

"Ili mwenzake abaki na lake."

Watu walicheka, ingawa hawakujua wanachocheka. Nilipokea. Nilishuka kabla boti haijafunguliwa kamba, nikapita gatini, nikapita sokoni, nikafika kituo cha basi, nikiwa nimevaa jaketi moja na kubeba jingine kwapani. Dereva aliniuliza kama kuna mafuriko.

Sasa madhumuni ya barua.

Jaketi la pili nimelitundika kwenye msumari wa nyuma ya mlango, palipokuwa pakikaa gauni lake la nyumbani. Lile la kwanza nimejaribu kulivua mwenyewe mara kadhaa, nikalivaa tena, nikalivua. Vifungo vyake ni vigumu. Kila kimoja kinataka kubanwa pande mbili na kuvutwa. Siyo jambo la ghafla. Mtu angeweza kuacha kwenye cha juu. Angeweza kuacha kwenye cha kati. Naliandika hili kama maelezo ya chombo, si vinginevyo.

Nimekaa mezani tangu nirudi. Kalamu ninayo, karatasi ninayo. Maneno yaliyopatikana hadi sasa ni haya: "Mimi nili". Yamenyooka, hayana kosa. Hayaendelei. Nimewaandikia wezi, binti yangu. Nimemwandikia mtu aliyemchoma jirani yake kwa maji ya moto, na akalia nilipomsomea, akasema ndivyo ilivyokuwa. Kwa hiyo uwezo upo. Sijui ni nini kinachozuia.

Kwa hiyo basi, na sijawahi kumwomba mtu jambo hili, naomba uniandikie wewe. Unajua kuandika, kwa kuwa nilikufundisha, na ulikuwemo. Iandike kama anavyoitaka, fupi, usinihurumie. Nitatia sahihi bila kubadili neno. Msomee kama yangu. Nyumba ni kimya kiasi kwamba nasikia paka akila kwa jirani.

Ni mimi Baba yako Mdogo.


Gatini
2 Novemba

Kwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Nyangumi wameondoka, na sasa tunaosha boti. Mama Mdogo ana mafua kidogo, si ya kutisha.

Nilimsomea barua yako yote. Tulipofika kwenye vifungo aliketi kitandani. Tulipofika kwenye "Mimi nili" alinyanyua mkono nisimame.

"Na iliyobaki?"

Nikamwambia imeishia hapo.

"Geuza nyuma ya karatasi."

Nikageuza. Nyuma hapakuwa na kitu. Akaniambia niisome tena tangu hapo, nikaisoma tena mpaka kwenye paka. Alisubiri mpaka nilipoikunja. Kisha aliinama, akauvuta mkoba kutoka chini ya kitanda, akaufungua. Nikadhani anatafuta nguo ya safari. Alitoa gauni moja moja, akalikung'uta, akalitundika katika kabati langu, mpaka mkoba ukabaki mtupu. Akaniuliza kama nautaka wa kubebea tiketi.

Kuandika siwezi, Baba Mdogo. Mimi sikumvua mtu.

Imebaki habari ya majaketi. Nahodha anayadai yote mawili, kwa kuwa ukaguzi wa boti umekaribia. Nilimweleza Mama Mdogo kwamba nakuandikia uyarudishe, akasema:

"Moja arudishe. Lile jingine mwache akae nalo. Asije akaoa, akamvua mwingine."

Binti wa kaka yako.